Nyeusi Moja, Magari Mawili

Kopo la rangi lilikuwa moja, la kupuliza, nyeusi isiyong'aa. Nilianza nalo Jumatatu kwenye Probox ya baba mdogo, nikalimaliza Ijumaa ya wiki hiyohiyo kwenye Fielder ya mtu nisiyemfahamu. Kazi zote mbili nilizifanya mwenyewe, chini ya mparachichi mmoja, mbele ya gereji ya kaka yangu pale senta, Bugomora. Kazi ya kwanza sijawahi kuijutia. Ya pili nimeshindwa kuisahau, na ndiyo inayonifanya niandike.

Nilikuwa likizo ndefu ya chuo, mwaka wa pili ukiwa umeisha. Bugomora iko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ingawa wazee wetu wakiulizwa wanakotoka bado hujibu Karagwe. Miezi hiyo ni kiangazi na ni msimu wa kahawa. Maturubai yamejaa buni njiani, pesa kidogo inazunguka, na kila aliyepata chochote anakumbuka kitu alichotaka kukibadilisha tangu mwaka jana. Mmoja anabadilisha bati la jiko, mwingine tairi za pikipiki. Vijana wenye magari wanabadilisha rangi ya nembo.

Kama hujawahi kuifanya, kazi yenyewe ni rahisi, ila inataka subira. Unaosha grili kwa maji ya sabuni, unafuta nembo kwa petroli kidogo ili mafuta yote yatoke, unapitisha msasa laini sana mpaka ule mng'ao wa kromu ufifie. Unazungushia utepe wa karatasi, unafunika boneti kwa magazeti. Kisha unapuliza kwa mbali, kitambaa chembamba cha rangi, unasubiri dakika kumi au kumi na tano, unapuliza tena. Mara tatu, mara nne. Ukiwa na haraka rangi inatiririka kama machozi. Ukisubiri sana kutoa utepe, inameguka ukingoni. Na kwetu, barabara ikiwa ya kifusi, lazima umwagie maji ardhi yote inayokuzunguka, la sivyo basi moja likipita kazi yako inakuwa msasa mwingine.

Kaka alikuwa akipaka mageti, matangi ya pikipiki na milango ya magari. Nembo aliniachia mimi. Alisema ni kazi ya msomi, kwa sababu ni ya kukaa.

*

Baba mdogo alikuja asubuhi, akaegesha Probox yake, akabaki ndani ya gari kwa muda. Gari hilo lilikuwa mchomoko, lilibeba abiria na mizigo kwenye barabara ya Murongo, na lilikuwa na namba nyeupe kama sheria inavyotaka kwa gari la biashara. Kwa miaka mitatu lilikuwa linaendeshwa na mwanawe, binamu yangu, tuliyelingana umri na tuliyegawana dawati shule ya msingi. Alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha wote. Kabla ya safari ya kwanza, hata akiwa amechelewa, alichukua kitambaa akasugua nembo ya mbele mpaka ikawa kioo. Gari lingine lote lingeweza kuwa na tope hadi kwenye madirisha. Nembo ilikuwa lazima ing'ae.

Alifariki mwezi wa nne. Si ajali, ni homa iliyochelewa kutambuliwa. Gari lilikaa nyuma ya nyumba mpaka matanga yalipoanuliwa, kisha baba mdogo akaanza kuliendesha mwenyewe, kwa sababu ada za wadogo zake marehemu hazikuwa zikiomboleza.

"Mwanangu," aliniambia aliposhuka, "hiki kitu cha mbele kinaning'alia kila asubuhi. Kifanye cheusi."

Sikumwuliza zaidi. Nilifanya kazi nusu siku, naye alikaa kwenye benchi la kaka bila kusema neno. Nilipomaliza alisogea, akaiangalia kwa karibu, akasema imekaa vizuri. Akaondoka na abiria wawili waliokuwa wakisubiri.

Wiki hiyo hiyo nikawasikia vijana wa bodaboda wakimjadili. Mzee naye ameamka, walisema. Mzee anataka gari lionekane la kimichezo. Mmoja akasema labda ameoa, au anatafuta. Walicheka, na hawakuwa na ubaya. Walisoma rangi kama wanavyoisoma kwenye simu zao, ambako nembo nyeusi maana yake ni gari la kijana mwenye hela. Baba mdogo alijua wanavyosema. Hakumsahihisha mtu.

Swali langu la kwanza lilianzia hapo. Je, baba mdogo alikuwa anadanganya? Gari lake lilikuwa linasema kitu kisicho kweli kwa watu wengi waliolitazama. Lilisema ujana na majivuno, wakati ukweli ulikuwa msiba. Na yeye aliliacha liseme.

Chuoni tulipenda kusema kwamba ishara ni ya wanaoisoma, kwamba maana inakaa kwa msomaji. Nikiwa nimeshika kopo la rangi sikuona kama inatosha. Ni kweli baba mdogo hakuweza kuzuia watu wasome wanavyosoma. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao wasomaji aliyekuwa ameweka chochote juu ya usomaji wake. Abiria aliyepanda alitaka kufika Murongo, na alifika. Kijana aliyecheka alipata kicheko chake. Hakuna aliyekuwa anaiegemea ile rangi, kwa hiyo ilipokosewa kusomwa hakuna aliyeanguka.

Baadaye nilikuta kisa kinachofanana na hiki, mbali kabisa na kwetu. Magari ya Rolls-Royce yalikuwa na nembo ya herufi mbili za R zilizopachikwa moja juu ya nyingine, nyekundu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 zikawa nyeusi. Henry Royce alifariki Aprili 1933. Mwenzake, Charles Rolls, alikuwa amekufa zamani, mwaka 1910, kwa ajali ya ndege. Kwa hiyo watu wakasema nyeusi ile ni ya msiba, na mpaka leo utaisikia hadithi hiyo ikisimuliwa kama jambo lisilo na shaka. Lakini waliofuatilia wanaeleza kwamba mabadiliko yaliamuliwa kabla ya kifo chake, na sababu ilikuwa ya kawaida tu: nyekundu iligombana na rangi ambazo wateja walichagua kwa magari yao.

Huko Uingereza watu waliona msiba mahali palipokuwa na urembo. Kwetu Bugomora waliona urembo mahali palipokuwa na msiba. Makosa yote mawili hayakumwumiza mtu. Pengine hata yana faida yake. Baba mdogo aliweza kubeba jambo lake mbele ya watu wote bila kulazimika kulieleza kwa kila anayepanda.

*

Yule wa Ijumaa hakuwa wa kwetu. Alikuja na Toyota Corolla Fielder, rangi ya fedha, safi, na akaomba kuzungumza na kaka pembeni. Kisha kaka akaniita.

Gari lilikuwa haibridi, yaani linatumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Toyota walianza kuuza Prius huko Japani mwaka 1997, na tangu hapo wametengeneza aina nyingi za namna hiyo. Ili kuyatofautisha, kwa miaka mingi nembo ya magari yao mengi ya haibridi iliwekewa buluu ndani yake. Ni ile ile nembo ya mayai matatu yaliyopishana ambayo kampuni hiyo inaitumia tangu Oktoba 1989, ila kati ya mistari ya kromu kuna mng'ao wa buluu, kama maji ya kina. Mjini buluu hiyo ni sifa. Ina maana unatumia mafuta kidogo.

Kwetu ilikuwa na maana nyingine. Miezi kadhaa nyuma gari la haibridi lilikuwa limemkwamia mtu, mafundi wa karibu wakashindwa kulifungua, na bei ya betri ikasimuliwa kutoka senta hadi senta ikiongezeka kila ilipofika. Kwa watu wa huku, buluu ilisomeka hivi: usinunue.

"Dogo," aliniambia yule mwenye gari, "hii buluu nataka iwe nyeusi, mbele na nyuma. Na yale maandishi ya ubavuni yatoke."

Maandishi yalikuwa neno moja, HYBRID, herufi za kromu zilizogundishwa. Kuyatoa pia ni kazi ya subira. Unamwagia maji ya moto ili gundi ilegee, unapitisha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki nyuma ya herufi, unasugua kwenda na kurudi kama anayekata sabuni. Zikitoka, inabaki gundi na kivuli. Rangi iliyokuwa chini ya herufi haijawahi kuona jua, kwa hiyo neno linabaki pale, hafifu, mpaka upige polishi ya kutosha.

Nilimwuliza kama analiuza gari.

"Kizuri chajiuza," alisema, "ila huku watu wana hofu. Gari ni zima kabisa. Angalia injini, angalia chini. Mimi simdanganyi mtu. Naondoa hofu tu."

Nakiri kwamba hoja yake ilinishika. Nilikuwa nimetoka tu kuwaza habari za ishara na wasomaji, na hapa kulikuwa na ishara iliyosema kweli lakini ikasomwa vibaya. Buluu ilisema "haibridi", na watu walisikia "bovu". Ukiiondoa, mtu anaweza kulitazama gari lenyewe badala ya kutazama uvumi. Niliona kama ni tendo la kusahihisha. Tena alikuwa analipa elfu thelathini, na kaka alikuwa na deni la kompresa.

Nilipiga polishi vizuri upande wa kulia. Upande wa kushoto jua lilikuwa linazama, nikafanya haraka.

*

Aliyelinunua ni mwalimu wa shule moja ya kata. Hakunifundisha mimi, lakini kwetu mwalimu yeyote ni mwalimu wako, unamwamkia shikamoo hata ukiwa na ndevu. Alikuwa amekopa sehemu ya fedha, na sehemu nyingine ilitokana na kahawa ya mama yake. Kwa gari hilo alikusudia kwenda kazini, kumpeleka mama yake kliniki, na Jumamosi kubeba magunia ya maharage na mikungu ya ndizi kwenda kuuza.

Nilirudi chuoni. Mwezi wa kumi na moja, wakati huku nyumbani wakiwa kwenye senene, kaka alinipigia. Gari la mwalimu limewasha taa zote za dashibodi na limekataa. Fundi aliyeitwa kutoka mbali amesema ni betri kubwa, imeungua kwa joto.

Nilitafuta maelezo ya jinsi magari yale yanavyofanya kazi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla sijashika kopo. Betri kubwa ya Fielder ile iko upande wa kiti cha nyuma. Inapofanya kazi inapata joto, kwa hiyo imewekewa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu dogo lenye kichujio karibu na kiti. Mwenye gari anatakiwa asizibe tundu hilo, na akisafiri kwenye vumbi asafishe kichujio mara kwa mara. Ndiyo yote. Hakuna utaalamu wa ajabu ndani yake. Brashi na dakika chache zinatosha.

Mwalimu alikuwa ameendesha miezi mitatu kwenye vumbi la Kyerwa, magunia ya maharage yakiwa yamelalia kiti cha nyuma.

Hapo ndipo hoja ya yule mwenye gari iliponivunjikia mkononi. Alisema buluu inaleta hofu tu. Lakini ile buluu ilikuwa pia maagizo. Kwa mtu anayejua, na hata kwa mtu asiyejua bali anayeweza kuuliza, ilisema: gari hili lina kitu cha ziada, ulizia namna ya kulitunza. Nilipoifunika nilidhani naondoa uvumi. Kumbe niliondoa swali ambalo mwalimu angeuliza. Huwezi kuuliza habari za kichujio ambacho hujui kama kipo.

*

Rafiki yangu wa hosteli, Mwislamu wa Tanga, nilipomsimulia jambo hili alinipa kisa ambacho alikijua tangu madrasa. Mtume alipita sokoni akakuta lundo la nafaka. Akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta unyevu. Akamwuliza mwenye lundo, naye akajibu kwamba lilinyeshewa mvua. Mtume akamwuliza kwa nini basi hakuuweka ule unyevu juu, watu wauone. Rafiki yangu alisema kinachomgusa ni kwamba muuzaji yule hakusema uongo hata neno moja. Mvua ilinyesha kweli, na nafaka ilikuwa nafaka. Kosa lake lilikuwa katika mpangilio, kavu juu na mbichi chini.

Mtu yeyote aliyekulia kwenye kahawa anaelewa mpangilio huo. Kila msimu yupo anayeweka kahawa kavu mdomoni mwa gunia na iliyo mbichi katikati, na kila msimu mpokeaji wa chama cha msingi anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Hatujawahi kumwita mtu huyo mwerevu anayeondoa hofu ya wanunuzi. Tuna jina lake, na si zuri.

Suala hili lilijadiliwa pia na Warumi. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero alimwandikia mwanawe aliyekuwa akisoma Athene kitabu kuhusu wajibu, na humo akaeleza mabishano ya wanafalsafa wawili wa Kistoa, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso. Mfano wao ni huu. Kisiwa cha Rhodes kina njaa. Mfanyabiashara anafika na meli ya nafaka kutoka Aleksandria, naye anajua kwamba meli nyingine nyingi ziko njiani. Je, ni lazima awaambie watu wa Rhodes, au anaweza kunyamaza na kuuza kwa bei ya njaa? Diogenes alisema kunyamaza si kuficha. Muuzaji atangaze kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, asidanganye, na zaidi ya hapo hana deni. Antipater alisema binadamu wote ni jamaa moja, na mtu hawezi kumtendea jamaa yake hivyo. Cicero aliegemea upande wa Antipater. Alitofautisha mambo mawili: si kila kunyamaza ni kuficha, lakini unaficha pale unapotaka, kwa faida yako mwenyewe, mtu asijue jambo ambalo ni kwa faida yake kulijua.

Kipimo hicho kimenisaidia kuliko nilivyotegemea. Nikikipeleka kwenye Probox: je, baba mdogo alitaka watu wasijue jambo lenye faida kwao? Hapana. Msiba wake haukuwa haki ya abiria. Alikuwa na ruhusa ya kunyamaza, na nyeusi ilikuwa njia yake ya kunyamaza. Nikikipeleka kwenye Fielder, kila kipande kinaingia mahali pake: faida ya muuzaji, faida ya mnunuzi, na mkono uliopita katikati yao ukiwa na kopo.

Lakini kuna jambo moja ambalo Diogenes na Antipater hawakulizungumza. Wao walimwuliza muuzaji peke yake. Hawakumwuliza kuli aliyepakua nafaka, wala baharia aliyeziona zile meli nyingine baharini. Mimi sikuuza gari. Sikujua mnunuzi atakuwa nani. Nilifanya kazi ya rangi, nikalipwa bei ya rangi. Kwa muda mrefu nilijificha nyuma ya sentensi hiyo, nayo ni sentensi nzuri, inatumiwa na watu wengi wenye kazi za heshima: mchapaji wa vyeti, mwandishi wa matangazo, mwanasheria. Kila mmoja amefanya sehemu yake tu.

Kinachoniumbua ni lile swali nililomwuliza. Nilimwuliza kama analiuza. Kwa nini niliuliza, kama nilikuwa fundi rangi tu? Fundi rangi anauliza unataka nyeusi ya kung'aa au isiyong'aa. Mimi niliuliza kwa sababu nilijua jibu linabadilisha kazi, na nilipopata jibu nikaendelea. Mtu ambaye hajawaza ana kisingizio. Mimi nilikuwa nimewaza, tena kwa maneno ya darasani.

*

Neno nembo lenyewe lina historia inayonirudia kila nikikumbuka jambo hili. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalieleza kama chale, alama zilizochanjwa mwilini kuonyesha mtu ni wa kabila gani. Wamakonde chale zao za usoni huziita dinembo. Nembo ya namna hiyo haikuwa kitu cha kubandika. Huwezi kuitoa kwa maji ya moto na uzi. Ilimgharimu mwenyewe damu, na aliyeiona aliweza kuitegemea kwa sababu hiyohiyo. Neno lilipohamia kwenye vitu vya kiwandani, limebaki na ile ahadi ya kutegemewa lakini limepoteza gharama. Nembo ya leo ni plastiki na gundi.

Sisemi turudi kwenye kuchanjana. Nasema tu kwamba alama ikishakuwa rahisi kubadilishwa, ukweli wake hauwezi tena kulindwa na alama yenyewe. Unalindwa na watu. Serikali inajua hivyo. Namba ya gari la binafsi ni ya njano na ya biashara ni nyeupe, na ukibadilisha rangi hiyo kiholela utajibu mbele ya askari. Ukibadili rangi ya gari zima, kadi yake nayo inatakiwa ibadilishwe. Rangi ya nembo haina askari wala kadi. Ina mimi, na kaka, na yeyote aliyeshika kopo.

*

Krismasi nilirudi nyumbani. Siku ya tatu nilikwenda kwa mwalimu. Fielder ilikuwa pembeni ya migomba, ina vumbi, nembo yangu nyeusi bado imekaa vizuri, haijachunika hata ukingo. Niliamkia, nikakaribishwa, nikapewa kiti nje. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mengi. Nikasema moja tu, kwamba ni mimi niliyeipaka.

"Najua," alisema.

Kisha akainuka, akanionyesha ubavu wa kushoto wa gari. Pale nilipofanya haraka jua likizama, mabaki ya gundi yalikuwa yamekamata vumbi. Neno lilikuwa limeandikwa upya kwa udongo wa barabara, herufi zote sita, zinasomeka kutoka kwenye mlango wa nyumba.

"Hili niliona wiki ya kwanza nilipoliosha," alisema. "Nikajua ni haibridi. Ningeweza kuja kwenu kuuliza nilitunzeje. Mmoja wenu angejua, au angejua wa kumwuliza."

Nikamwuliza kwa nini hakuja.

"Kwa sababu nilianza kuhesabu. Fundi alijua. Mdogo wake alijua. Waliokaa kwenye benchi siku ile walijua. Nikafikiri, pengine senta nzima inajua, na wananiangalia napita na kunipungia mkono. Nikaona aibu kuuliza. Mtu akishajua amechezewa, anajifanya hajui."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu udanganyifu, na nyingi zinazungumzia imani isiyo sahihi inayopandwa kichwani mwa mtu. Mwalimu hakukaa na imani isiyo sahihi hata wiki mbili. Ukweli aliupata bure, aliletewa na vumbi. Alichopoteza kwa sababu yangu ni watu wa kuwauliza. Katika senta ndogo kama ya kwetu, mtu asiye na ufundi anaishi kwa kuuliza. Ukimfanya aogope kuuliza, umemwacha peke yake kati ya watu wanaomsalimia.

Nilimpa zile elfu thelathini. Alizikataa, kisha mama yake, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, akasema azichukue, kwa sababu ni za kahawa yake. Akazichukua. Hazinunui hata kona ya betri. Kaka, kwa upande wake, alikwenda kumfungulia ile feni na kusafisha kichujio, na kwa msaada wa fundi mmoja wa mjini wakabadilisha seli zilizokufa badala ya betri nzima. Gari linatembea, kwa wasiwasi. Tundu la hewa limezungushiwa utepe mwekundu ili asiyejua asiweke gunia.

Probox ya baba mdogo nayo imeanza kuchunika. Mawe ya barabara yanapiga grili kila siku, na kila yanapopiga kinatokea kinundu cha kromu, kama nyota. Nilimwambia nitampulizia upya bure. Akasema niache, itoke yenyewe kwa muda wake.

Kaka bado anapaka nembo. Vijana wanakuja, hasa msimu wa kahawa, na anawafanyia nyeusi, nyekundu, dhahabu, wanavyotaka, bila kumhukumu mtu. Ila ikija nembo yenye buluu ndani, anaweka kopo chini, anauliza lile swali nililouliza mimi siku ile: gari unaliuza? Wakijibu ndiyo, anawaambia waiache buluu ilivyo, naye atawaandikia kwenye karatasi namna ya kusafisha kichujio, wampe mnunuzi. Baadhi yao huondoka wamekasirika. Wapo wanaoichukua karatasi.